Waya wa Kwanza Unapokimbilia Ukingoni

Kijana mmoja anayepiga solo kwenye kwaya aliniletea gitaa la umeme, nakala ya Stratocaster (modeli maarufu ya kampuni ya Fender), uso umemshuka. "Shikamoo fundi. Hili gitaa kila nikipanda juu linaniaibisha." Nikalipakata, nikaenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), nikauvuta kidogo waya wa kwanza, ule mwembamba wa chini kabisa. Ukachomoka kwenye freti, ukaning'inia nje ya shingo. Kwa anayepiga rumba au benga huo si ugonjwa mdogo, maana nusu ya kazi ya solo iko kwenye waya wa kwanza na wa pili, tena huko huko juu.

Marafiki walikuwa wameshamwambia anunue briji mpya. Nikamwambia aziweke hela zake mfukoni kwanza.

Nyaya sita zimeshikwa sehemu mbili tu: kichwani kwenye ule mfupa wenye mifereji, na mwilini kwenye briji. Shingo iko katikati yao. (Huo mfupa wengine huuita nati. Kwangu nati ni ya boliti, kwa hiyo nauita mfupa hata kama ni plastiki.) Nyaya zikikaa upande, basi mkosaji ni mmoja kati ya hao watatu, na kumjua hakuhitaji kifaa chochote. Angalia nafasi iliyobaki kati ya waya wa kwanza na ukingo wa shingo, kisha kati ya waya wa sita na ukingo wake. Anza freti ya 1, halafu nenda freti ya mwisho. Kama tofauti inaonekana tangu freti ya 1, shuku mfupa. Kama freti ya 1 iko sawa na kosa linakua kadiri unavyosogea kuelekea mwilini, shuku shingo au briji. Vile vidoa vya shingoni vinavyokaa kimoja kimoja navyo husema kweli: vinatakiwa kukaa katikati ya waya wa tatu na wa nne.

Kwa magitaa ya aina hii mimi huanza na shingo, kwa sababu imefungwa kwa skrubu nne tu, haikugundishwa. Nakala za bei nafuu mara nyingi zina tundu la shingo lililochongwa kwa ulegevu. Gitaa likigongwa kwenye daladala au likianguka na stendi, shingo inageuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni pale kwenye kiungo, lakini waya wa kwanza unakiona.

Dawa yake ni bisibisi na mkono. Legeza nyaya kiasi, usizitoe. Legeza zile skrubu nne nusu mzunguko kila moja. Pakata gitaa kana kwamba unapiga, shika kichwa cha shingo, ukivute taratibu kuelekea juu, upande wa waya wa sita, huku mkono wa pili umekandamiza mwili. Aghalabu utasikia mlio mdogo wa mbao. Kaza skrubu ukiwa bado umeshikilia, rudisha nyaya kwenye sauti yake, kisha tazama tena. Kama ni waya wa sita uliokuwa ukingoni, vuta kuelekea chini. Watu wengi hukosea hapa: hudhani waya ukienda chini basi kichwa kisukumwe chini kiufuate. Ni kinyume, kwa sababu shingo inazungukia kwenye kiungo, na nyaya upande wa briji hazisogei.

Kwa Les Paul (gitaa la kampuni ya Gibson) na ndugu zake usijaribu kabisa. Shingo ile imegundishwa. Hapo kazi ni ya briji: vile vikalio vidogo vya chuma vinavyobeba nyaya huchongwa mfereji kwa tupa nyembamba, na ukikosea mahali pa kuchonga, kikalio kimeharibika.

Mfupa ndio unaonipa raha zaidi, na ndio fundi wengi wanaopima vibaya. Chukua mfupa wenye upana wa milimita 42 kama ulivyo kwenye Stratocaster nyingi. Tuseme kutoka katikati ya waya wa kwanza hadi katikati ya waya wa sita ni milimita 35. Ukigawanya kwa 5 unapata 7, unachonga mifereji kila milimita 7, unafurahi. Lakini nyaya hazilingani unene. Kwenye seti ya nyaya inayoanzia 10 (yaani inchi 0.010), waya wa kwanza una milimita 0.25 na wa sita una 1.17. Kwa hiyo kati ya wa kwanza na wa pili kidole kinapata uwazi wa milimita 6.7, na kati ya wa tano na wa sita kinapata chini kidogo ya 6. Mpigaji atakwambia besi zimebanana na hatajua kwa nini. Toa kwanza unene wa nyaya nne za kati na nusu ya unene wa zile mbili za pembeni, ndipo ugawe uwazi uliobaki: kila pengo litakuwa kama milimita 6.4.

Briji ukilazimika kuibadilisha, pima kwanza ya zamani kutoka waya wa kwanza hadi wa sita. Stratocaster za mtindo wa zamani zina kama milimita 56, za kisasa zina kama 52, na matundu ya skrubu hayalingani. Kuhusu pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyaya, waya ukipita pembeni kidogo ya sumaku yake, usikose usingizi.

Kijana wetu shingo yake ilinyooka kwa dakika kumi. Sikumwambia kwamba gitaa la kwanza la namna hiyo kuletwa kwangu nililichongea mfupa mpya wa ng'ombe, siku nzima na msasa, nikaufunga, na waya ukaendelea kuchomoka vilevile. Mfupa ule niliutoa. Uko kwenye kopo la skrubu, milimita 42, mifereji safi kabisa.