Meza za sebuleni: lazima zote ziwe sare?

Swali hili nimeshaulizwa na watu wa kila aina, na siku hizi linakuja na picha ya simu. Kochi limeshashushwa, nailoni bado haijavuliwa, na mwenye nyumba anataka kujua: achukue ile seti ya dukani, meza kubwa na stuli zake nne, au anunue moja hapa na nyengine pale? Huwajibu hivi: si lazima zifanane, lakini lazima zijuane. Hapo ndipo maneno yanapoanza, kwa sababu kila mtu anadhani kujuana ni rangi, na mimi naanza na tepu ya kupimia.

Kwanza niseme sina ugomvi na seti. Mwenye duka anaipenda kwa kuwa ni mbao moja, kioo kimoja, bei moja, na mnunuzi anaipenda kwa kuwa haimpi kazi ya kufikiri. Kwenye ukumbi mpana, makochi yamezunguka kuta tatu na katikati kuna uwanja, inakaa vizuri tu. Lakini sebule nyingi ninazoitwa kuzitengeneza hapa Unguja si hizo.

Chukua nyumba ya Mji Mkongwe. Kuta ni za mawe na chokaa, nene, na dari limelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kutandazwa masafa marefu, mita tatu hivi ndio mwisho wake wa kawaida, na ndio maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Sasa tufanye hesabu. Chumba kina upana wa futi tisa, yaani inchi 108. Kochi la kisasa linakula inchi 36 kutoka ukutani; zimebaki 72. Baina ya kochi na meza ya kati unataka inchi 16 ili mtu akae bila ya kugonga magoti na akinyoosha mkono akifikie kikombe, zimebaki 56. Meza ya kati ya seti nyingi za dukani ina upana wa inchi 30. Utabakiwa na inchi 26 za kupita, na mtu aliyebeba sinia anataka kama 30. Huyo atapita ubavu ubavu. Na hapo hujaweka kiti hata kimoja upande wa pili. Ukikiweka, basi meza ya kati haina nafasi, iwe inafanana na wenzake au haifanani.

Majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yana habari nyengine. Chumba si chembamba namna ile, lakini sebule ni ndogo, na kila kitu kinapanda kwa ngazi juu ya mabega ya watu. Pima ngazi kabla ya kulipa advansi, nakuomba.

Kwa hivyo kwenye sebule nyembamba mimi meza ya kati huiondoa kabisa. Huweka stuli mbili ndogo zinazohamishika na meza moja ya pembeni iliyo imara. Zikiwa tatu hivi, haja ya kufanana inapungua, kwa sababu huzioni zikiwa zimekusanyika. Jicho linakutana nazo moja baada ya moja.

Kinachonikera mimi ni kimo. Kiti cha kochi, pale unapokalia, kwa kawaida kina inchi 17 au 18 kutoka chini. Meza ya kati iwe sawa na hapo au ishuke inchi moja mbili. Ikipanda juu ya kiti, wageni wanakula halwa kama wako skuli wanaandika. Meza ya pembeni iende sawa na mkono wa kochi, inchi 22 mpaka 24 kwa makochi mengi. Halafu kuna meza mbili za kulia na kushoto ya kochi moja refu. Hizi zikipishana inchi mbili, mtu akiingia mlangoni ataona chumba kimepinda upande na hatajua kwa nini. Ama zilingane kimo, hata kama moja ni ya duara na nyengine ya mraba, ama zipishane sana, futi nzima, ionekane umekusudia.

Kusudi hilo ndilo linalotawala rangi ya mbao pia, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Tofauti kubwa inaonekana ni chaguo. Tofauti ndogo inaonekana ni kosa. Meza ya mninga iliyo wekundu kidogo karibu na meza iliyopakwa vanishi ya "rangi ya mninga" ni jambo la kusikitisha, zote mbili zinaonekana mbovu wakati kila moja peke yake ingekuwa nzuri.

Na mbao zenyewe hazitulii. Mfenesi, ambao mafundi wetu wanautumia tangu zamani kwa milango na samani, ukipasuliwa leo ni wa njano kabisa, kama nyama ya fenesi lenyewe. Kila ukikaa kwenye mwangaza unazidi kuiva, unaelekea kwenye hudhurungi. Msaji nao una safari yake. Mtu aliyetengenezewa meza ya mfenesi miaka iliyopita akirudi kwa fundi yule yule, kwa mbao ile ile, ataletewa meza ya rangi nyengine, na fundi hana kosa. Atamwambia, "Usijali mama, nitaipaka mpaka zifanane." Itafanana wiki ya kwanza. Baadaye pembe zitachubuka kwa viatu vya watoto na ufagio, na njano itachungulia chini ya vanishi nzito.

Kwa hivyo kama meza uliyonayo ni ya mbao nyekundu, mwenzake usimtafute kwenye ukoo huo. Mpe mwenzake wa miguu ya chuma cheusi, au wa juu ya marmar, au wa rangi kabisa, kijani cha mlango wa nyumba za Mji Mkongwe ni kizuri mno. Kisha huo weusi au ukijani uurudie mahali pengine chumbani, fremu ya kioo, mguu wa taa, mto mmoja. Mara mbili inatosha. Chumba kikisikia jambo mara mbili kinaamini.

Hapa watu hunijibu kwamba mchanganyiko ni mambo ya hoteli na wageni. Sikubali. Kumbi za wenye uwezo hapa Unguja hazijawahi kuwa na vitu vya sare. Kasha la misumari ya shaba lilikaa chumba kimoja na sahani za Kichina zilizopangwa kwenye vidaka, yale mashimo ya ukutani ya kuwekea vitu, saa na vioo vya Ulaya, viti vya nakshi kutoka Bara Hindi. Kila kitu na bandari yake. Vilivyoviunganisha ni shaba iliyosuguliwa, nakshi, na mbao nyeusi nyeusi, basi. Ukitaka mfano wa kuchanganya, huna haja ya kuutafuta mbali.

Na kasha lenyewe, maana najua swali linakuja: lifanywe meza ya kati? Wenye hoteli wanalipenda. Nyumbani, mimi naliweka pembeni ya ukuta. Halina pa kuingiza miguu, ukishapanga vitu juu huwezi tena kufunua kifuniko, na ile misumari inanasa mitandio na buibui. Kama utaliweka ukutani, liachie nafasi ya vidole vinne nyuma, kwa sababu kuta za chokaa zinavuta maji na mbao inayogusa ukuta huo haichukui muda kuota ukungu.

Maji ndiyo yanayonifanya niogope seti za kontena. Nyingi ni za ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na kugandishwa kwa gundi, juu umebandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Zikija masika, pembe zinavimba, karatasi inafumuka, na haikauki ikarudi kama ilivyokuwa. Mara nyingi inakufa moja, ile iliyo karibu na dirisha au mlango wa kibarazani. Ukienda dukani kutafuta mwenzake, toleo lile limeshakwisha. Uliyelipia ufanane sasa una stuli tatu sare na pengo. Meza ya fundi angalau inarudishika kwenye msasa. Walio karibu na pwani, Mazizini, Chukwani, Nungwi huko, waangalie na miguu ya chuma: hewa ya chumvi inaanza kuila kwenye viungio vya kuchomelea, kwa hivyo geuza meza chini juu kabla ya kununua na utazame rangi imefika huko.

Kuna sababu nyengine ya kutofanana ambayo kwangu ni kubwa kuliko urembo: meza zetu hazifanyi kazi moja. Kuna meza ya chetezo. Chetezo chenye makaa ya udi kikiwekwa juu ya vanishi kinaacha duara jeupe ambalo hakuna kitambaa kitakacholificha milele. Basi meza moja sebuleni iwe juu yake kuna marmar, kigae au sinia ya shaba, na ijulikane kuwa hiyo ndiyo ya moto na ya birika la kahawa. Hiyo peke yake imeshavunja seti, na ina haki. Kuna stuli ya mgeni, ya kuweka kikombe na kisahani cha halwa, hiyo iwe nyepesi kiasi cha mtoto kuibeba. Na kuna meza ya kati, ambayo siku ya Idi, maulidi au hitma inatakiwa itoke ili mkeka utandikwe na watu wale chini. Kama kuitoa panahitajika vijana wanne, utaichukia. Watu wawili waibebe bila ya kusema "bismillahi" mara tatu.

Wenzangu wa fani hii huvicheka vitambaa vya kufuma. Mimi navihishimu. Meza tatu zisizo na undugu, zikivishwa vitambaa vya mkono mmoja na uzi mmoja, zinakuwa familia jioni moja, kwa gharama ya uzi. Ila chagua: ama meza ama makochi. Vikiwa kila mahali, mpaka juu ya televisheni, huoni tena samani.

Pa kufanana papo. Meza mbili za kochi moja refu, kila moja na taa yake, katika ukumbi wa wageni wa heshima: hizo zifanane, jozi inatuliza. Na nyumba mpya kama za Fumba, ambako ukisimama mlangoni unaona sebule, meza ya kulia na jiko kwa mkupuo, huko vitu ni vingi machoni, na meza za sebuleni zikiwa za namna moja zinasaidia kusema sebule inaanzia hapa na kuishia pale.

Ukiamua kumwagizia fundi ya kufanana, usikubali maneno matupu. Mwambie akukatie kipande cha mbao hiyo hiyo, upana wa kiganja, akipige msasa na akipake vanishi hiyo hiyo atakayotumia. Kipeleke nyumbani, kiweke juu ya meza ya zamani karibu na dirisha saa nne asubuhi, kisha ukitazame tena usiku taa zikiwaka. Kama inakubidi uite mtu mwengine aje kukuamulia kama zinafanana, hazifanani. Mrudie fundi umwambie apake nyeusi.