Thamani ya p kwenye tafiti za uchovu wa kazi: inakwambia nini hasa

Ukishika ripoti yoyote ya utafiti kuhusu kuridhika na kazi, au kuhusu ule uchovu wa kazi unaomkausha mtu kabisa, lazima ukutane na kasentensi kama haka: "tofauti ina maana kitakwimu, p < 0.05". Wengi hapo wanaruka wanaenda kwenye hitimisho. Ila hako kasentensi ndo kamebeba ripoti nzima, na kakieleweka vibaya watu wanaamuliwa mambo ya ajabu kazini kwao.

Tuanze na kinachopimwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka uchovu huu kama jambo linalotokana na kazi, sio ugonjwa, kwa hiyo hakuna kipimo cha damu cha kumpima mtu, kuna dodoso tu. Linalojulikana zaidi ni la Christina Maslach na Susan Jackson la 1981, lina maswali 22, kila swali unajibu kuanzia 0 (haijawahi kunitokea) mpaka 6 (kila siku), na linagusa mambo matatu: kuishiwa nguvu kihisia, kuwachukulia watu unaowahudumia kama vitu tu, na kujiona huna la maana unalofanya. Kuridhika na kazi nako kuna madodoso yake, yanauliza mshahara, bosi, wenzako, nafasi ya kupanda cheo. Majibu yanageuzwa kuwa maksi, alafu hapo ndo takwimu zinaanza.

Sasa tuseme umewapa dodoso manesi 40 wa shifti ya usiku na 40 wa shifti ya mchana, wa usiku wakapata wastani wa 3.4 kwenye kuishiwa nguvu na wa mchana 2.9. Hiyo tofauti ya 0.5 ipo kweli, au imetokea tu kwa sababu ya nani kaangukia kwenye sampuli yako? Maana hata ukigawa kundi la watu wa aina moja nusu kwa nusu, wastani wa pande mbili ni nadra kulingana kabisa. Jaribio la t, hesabu ya kulinganisha wastani aliyoichapisha William Gosset mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student, linachukua pengo la wastani na kuligawa kwa mtawanyiko ambao bahati peke yake ingeweza kuuleta, na kutokana na hapo unapata thamani ya p. (Makundi yakiwa matatu au zaidi wanatumia jaribio linaloitwa anova, majibu yakiwa ya ndiyo na hapana wanatumia linaloitwa kai-skweya, lakini swali la msingi ni lilelile.)

Na swali lenyewe ni hili: kama kwa kweli hakuna tofauti yoyote kati ya usiku na mchana, uwezekano wa bahati tupu kutuletea pengo kubwa kama hili au zaidi ni kiasi gani? Jibu ndo p, na ikishuka chini ya 0.05, yaani 5%, ndo wanasema tofauti "ina maana kitakwimu". Ukirusha sarafu isiyopendelea upande mara 5, kupata kichwa zote 5 ni nafasi 1 kati ya 32, kama 3% hivi. Ikitokea unaanza kuishuku sarafu. Unashuku tu, hujathibitisha. Kwa hiyo p ya 0.03 haimaanishi kuna uwezekano wa 97% kwamba usiku unachosha zaidi, hilo kosa lipo kila mahali mpaka Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kikatoa tamko rasmi 2016 kuonya watu.

Kitu kingine, p haikwambii ukubwa wa jambo. Chukua watu 2,000, uhusiano wa 0.06 tu (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) kati ya kuridhika na kazi na umbali wa kufika kazini utatoa p chini ya 0.01, unaonekana mkubwa kwenye ripoti, wakati umbali huo unaeleza chini ya 1% ya tofauti za watu kwenye kuridhika. Kinyume chake, ukiwa na watu 8 kila upande pengo kubwa la kweli linaweza kukupita, na mi naona ni hatari sana meneja akisoma "hakuna tofauti yenye maana kitakwimu" akaelewa kwamba watu wake wako sawa.

Alafu kuna ule mchezo wa kupima kila kitu, umri, jinsia, idara, elimu, ndoa, mpaka kitu kitoke. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana na hakuna hata moja lenye ukweli ndani yake, uwezekano wa angalau moja kushuka chini ya 0.05 ni karibu 64%. Ripoti ikikuonyesha hilo moja tu bila kusema mengine 19 yalifanyika, hujaambiwa kitu.

Ila kinachonisumbua zaidi kwenye hizi tafiti hakimo hata kwenye hesabu. Aliyechoka kupita kiasi huenda alishaacha kazi, au yuko likizo ya ugonjwa, au dodoso limekaa mezani kwake na hana nguvu ya kulijaza. Basi wastani wa waliojibu unatoka mzuri, p inakaa vizuri, na watu ambao utafiti ulifanywa kwa ajili yao hawamo kabisa, kwa hiyo kabla hujaangalia p angalia madodoso mangapi yaligawiwa na mangapi yalirudi.