Je, wajua kwa nini paka hufa kwa sumu ya panya bila kugusa chambo?

Penye soko la samaki hapakosi paka wasio na mwenyewe, iwe Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja. Na mitaa hiyohiyo hupitiwa na mchuuzi mwenye kipaza sauti: "Dawa ya panya, mende, kunguni!" Baada ya wiki moja paka wawili watatu hawaonekani, na lawama zinaanza kuwa kuna mtu mkatili aliyewalisha sumu. Mara nyingi hakuna aliyewalisha. Jirani alitega panya wake tu.

Sumu kama brodifakumu na bromadioloni, ambazo mara nyingi huuzwa zikiwa zimetiwa rangi ya bluu, kijani au nyekundu, haziui papo hapo. Zinaizuia vitamini K isifanye kazi, na bila hiyo ini haliwezi kuunda protini za kugandisha damu. Zile ambazo panya alikuwa nazo tayari humtosha kwa muda, kwa hiyo hufa siku tatu hadi saba baadaye, damu ikivujia ndani kwa ndani. Ucheleweshaji huo ni wa makusudi. Panya ni mwoga wa chakula kigeni. Akionja kitu kikamdhuru saa ileile, hakigusi tena.

Hapo ndipo paka anapoponzwa. Katika siku hizo panya hurudi kwenye chambo kila usiku, akijijaza sumu kuliko inayohitajika kumuua. Kisha anaanza kulegea. Utamwona mchana kweupe, manyoya yamemsimama, anajikokota kando ya ukuta bila hata kushtuka. Paka gani mwenye njaa atamwacha? Tena sumu hizi hukaa ndani ya ini kwa miezi, kwa hiyo paka anaweza kunusurika na panya wa kwanza akafa kwa wa nne.

Mjini New York, bundi aitwaye Flaco alitoroka bustani ya wanyama mwaka 2023 akawa anajiwindia panya na njiwa. Alipokufa Februari 2024 baada ya kugonga jengo, uchunguzi ulikuta mwilini mwake sumu nne za panya za aina hii. California ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 2020 ya kupiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake.

Zinki fosfaidi, sumu nyingine ya panya iliyo unga wa rangi ya kijivu iliyokolea, ni tofauti. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini na kuua ndani ya saa chache. Hatari kubwa hapa ni chambo chenyewe, pamoja na kilichobaki tumboni mwa panya. Na sisi chambo chetu ni nini? Dagaa, au kipande cha samaki. Hiyo ni sawa na kumwandalia paka sahani.

Paka mwenye fizi zilizopauka, anayehema kwa shida au kutokwa damu puani, mkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya sumu ukiipata. Sumu ya kuvujisha damu ina dawa, vitamini K1, lakini hutolewa kwa wiki kadhaa. Maziwa ambayo wengi tunakimbilia kumnywesha hayazimui sumu yoyote kati ya hizi, na kwa zinki fosfaidi, chakula huongeza asidi tumboni, gesi nayo ikaongezeka.

Wewe unayewalisha paka wa mtaa, wafuate majirani kabla hawajanunua sumu, na umshirikishe mjumbe wa mtaa. Lisha kwa saa maalumu ileile kila siku kabla ya giza, kisha ondoa mabaki yote, maana wali uliobaki chini huita panya, na panya ndio huita sumu. Jirani anayesumbuliwa kweli na panya asiachwe na "usitege" tupu. Msaidie kuziba matundu, kwani hata upenyo wa milimita 6 hupitisha panya mdogo, na afunike mapipa ya taka. Mtego wa kubana ukiwekwa ndani ya sanduku lenye mlango mwembamba haumfikii paka. Ule wa gundi usiuingize nyumbani kabisa, hunasa hata vitoto vya paka.

Kama sumu imeshawekwa, zungukeni asubuhi na jioni kwa wiki mbili au zaidi, mwokote kila mzoga kwa mfuko wa plastiki, mkauzike chini sana mahali ambapo paka na mbwa hawatafukua.