Gugu likikauka, sumu haiendi siku zote

Ng'ombe aliyeshiba kwa kawaida hulipita gugu chungu. Hatari huanza njaa inapomshika, au anapohamishiwa malisho asiyoyajua, kwa hiyo nashauri ashibishwe nyasi kavu kabla ya kufunguliwa. Wapo wanaokata kila kitu, magugu kwa majani, wakayaanika kwa imani kwamba jua litamaliza sumu. Inategemea ni sumu gani.

Sianidi hupungua kweli. Iko kwenye jamii ya mtama, hasa machipukizi yanayoota baada ya ukame. Jani likitafunwa, likikanyagwa au likinyauka, chembe zake hupasuka, vimeng'enya vikaifungua sumu. Mnyama huhema kwa nguvu, huyumba, na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Damu yake hung'aa kwa wekundu. Subiri mmea ufike urefu wa sentimita 60 kabla ya kulisha. Ukiuanika, ukauke kabisa: uliokwisha kunyauka tu bado ni hatari.

Naitreti, chumvi ambayo mmea huifyonza udongoni, haiendi na jua. Mchicha pori huikusanya sehemu ya chini ya shina, hasa penye samadi nyingi, na hei yake, yaani majani yaliyokaushwa, huibeba vilevile. Damu ya aliyedhurika huwa na rangi ya chokoleti. Ukilazimika kuvuna, kata juu, uache sentimita 20 hadi 30 za shina. Sileji, yaani kuyavundika majani bila hewa, huipunguza, haiimalizi.

Ninayoiogopa zaidi ni senesio, ile inayochanua manjano kisha ikatoa manyoya meupe. Ikiwa mbichi ni chungu, mnyama huiacha. Ikikauka uchungu hupungua, sumu ikabaki. Hapo ng'ombe hula bila kuchagua, na ini huharibika polepole: anakonda, utando wa macho unageuka manjano, na huenda miezi imepita tangu alishwe. Ini likishafika hapo hakuna dawa ya kulirudisha. Kondoo na mbuzi hustahimili zaidi kuliko ng'ombe na farasi, lakini kuwafanya wafyekaji wako ni kamari.

Ing'oe kabla haijachanua, ukiwa umevaa glavu, uitoe shambani. Iliyopigwa dawa ya magugu nayo isiachwe mbele ya mifugo, maana inaponyauka huanza kuwavutia.

Ukinunua hei, fungua robota kadhaa utafute mashina manene na yale manyoya. Kisha hifadhi konzi moja ya kila shehena kwenye mfuko wa karatasi wenye tarehe. Daktari wa mifugo akija baadaye, ini halitamwambia ni hei ipi.