Kwa nini Bayreuth huzomea usiku wa nne

Wanafunzi wangu wa historia ya opera wakisikia kwa mara ya kwanza rekodi za Bayreuth, mji wa Ujerumani wenye tamasha la kiangazi la opera za mtunzi Richard Wagner, huuliza swali lilelile: watu wazima waliovaa suti nyeusi na magauni marefu, tena waliosubiri tiketi kwa miaka, wanazomeaje hivyo? Mimi huanza na ratiba kabla sijafika kwenye hasira.

Pete ya Wagner, kisa cha pete iliyolaaniwa, ni opera nne zenye muziki wa takriban saa 15. Ya kwanza peke yake, Das Rheingold, huchukua saa mbili na nusu bila mapumziko. Waimbaji hutoka mbele ya pazia kila usiku na kupokea makofi yao. Mwongozaji na wabunifu wa jukwaa na mavazi, kwa desturi ya Bayreuth, hawajitokezi hadi opera ya nne, Götterdämmerung, iishe. Aliyechukizwa usiku wa kwanza anaweza kulizomea pazia, lakini mwongozaji mwenyewe hayupo. Hasira yake inalala naye hotelini, anainywea kahawa, anaijadili na jirani wa kiti, na inapofika siku ya mwisho imeshaiva.

Jengo nalo linachangia. Wagner alilijenga kwa ajili ya kazi hii na kulifungua mwaka 1876: taa zinazimwa kabisa, okestra imefichwa shimoni chini ya jukwaa, viti ni vya mbao, na safu za viti hazina njia ya kupita katikati. Ukishakaa, umekaa. Kwetu msikilizaji wa taarab akiguswa na ubeti huinuka, hucheza hadi mbele na kumtunza mwimbaji wimbo ukiendelea, na ukumbi mzima humwona ameguswa na neno gani. Bayreuth ilimnyang'anya msikilizaji nafasi hiyo. Kilichobaki kwake ni makofi ya mwisho, kelele, na miguu: kupiga miguu kwenye ile sakafu ya mbao ndiyo sifa kubwa kuliko zote pale, na hutikisa nyumba.

Ukali huo wa ukimya ulimpata hata mwenye nyumba. Mwaka 1882, katika maonyesho ya kwanza ya Parsifal, opera yake ya mwisho, Wagner aliomba waimbaji wasiitwe mbele ya pazia kabla opera haijaisha. Watu wakaelewa kwamba makofi yamekatazwa. Baadaye yeye mwenyewe alipopaza sauti kuwapongeza waimbaji wa sehemu ya wasichana wa maua, wasikilizaji wakamnyamazisha.

Sasa tuje mwaka 1976, kesi ninayoipenda kuliko zote. Pete ilikuwa inatimiza miaka 100, na mjukuu wa mtunzi, Wolfgang Wagner, akawakabidhi Wafaransa: Pierre Boulez kama kondakta, na Patrice Chéreau, kijana wa miaka 31, kama mwongozaji. Chéreau aliihamishia hadithi kwenye zama za viwanda. Mto Rhine ukawa bwawa la kuzalisha umeme, na mabinti wa mtoni wakavaa kama makahaba. Kuna waliokuja na filimbi na kuzipuliza muziki ukiendelea. Vipeperushi vya kupinga viligawiwa. Hata ndani ya okestra wapo waliomkataa Boulez.

Lakini Bayreuth haionyeshi kazi mara moja na kuiweka kabatini. Onyesho lilelile hurudi kiangazi baada ya kiangazi, na mwongozaji huruhusiwa kulirekebisha. Chéreau alirekebisha kila mwaka. Mwaka 1977 René Kollo, aliyeimba nafasi ya shujaa Siegfried, alivunjika mguu. Basi akaimba akiwa pembeni, na Chéreau mwenyewe akaingia jukwaani kuigiza nafasi yake. Ukitaka kujua kama mwongozaji anaamini kazi yake, huo ni ushahidi tosha. Onyesho la mwisho la mwaka 1980 lilipoisha, makofi yaliendelea kwa zaidi ya saa nzima.

Watu hupenda kusema hadhira ilikuwa imekomaa. Mimi naona hilo ni nusu ya jibu. Baadhi ya waliokasirika hawakurudi tena, wapya waliingia, na onyesho lenyewe halikuwa lile la 1976.

Zomeazomea ya mwaka 2013 ilikuwa na sura nyingine. Mwongozaji Frank Castorf alijaza jukwaa visima vya mafuta, nyuso za Marx, Lenin, Stalin na Mao zilizochongwa mlimani, na mamba waliotambaa wakati wa wimbo mkuu wa mapenzi katika opera ya tatu, Siegfried. Joka Fafner aliuawa kwa Kalashnikov yenye mlio wa kuziba masikio. Usiku wa nne Castorf alisimama mbele ya kelele kwa zaidi ya dakika kumi, akiwajibu kwa ishara za mikono. Kondakta Kirill Petrenko alipojitokeza, koo zilezile zikashangilia. Jambo hilo huwapita wengi: umati ule haukuwa umepandwa na kichaa, ulikuwa unagawa hukumu, huyu hapana na huyu ndiyo, ndani ya dakika chache.

Pete ya mwongozaji Valentin Schwarz iliyoanza mwaka 2022 nayo ilizomewa vikali, na kwa maoni yangu hapo wazomeaji walikuwa na hoja nzito zaidi. Schwarz aliiondoa pete yenyewe na kuweka mtoto mahali pake. Waimbaji wanaendelea kuimba juu ya pete, nani kaiiba, nani kailaani, na kidoleni hakuna kitu. Chéreau alibadili dunia nzima ya hadithi, lakini mkuki ulikuwepo, upanga ulikuwepo, na pete ilipokwapuliwa uliona mkono ukiikwapua. Ndiyo maana hasira ya 1976 ingeweza kuisha: mtazamaji aliyerudi mara ya pili alikuta hadithi aliyoijua bado inasimuliwa mle ndani ya bwawa.