"Adamu hakufa siku ile": dhana potofu kuhusu mauti katika Maandiko

Katika madarasa ya Biblia, na hata matangani, hoja ni ile ile. Mungu alisema, "siku utakapokula matunda ya mti huo utakufa hakika" (Mwanzo 2:17). Adamu akala, jua likatua, naye bado anapumua. Basi, naambiwa, mauti yaliyotajwa pale ni ya kiroho tu, na kufa kwa mwili ni maumbile, kulikuwapo tangu mwanzo. Wasemao hivyo wanadhani wanalilinda neno la Mungu lisionekane uongo. Mimi naona wanalikata nusu.

Tatizo ni kwamba wanaishia mlango wa 2. Geuza ukurasa. Hukumu inapotolewa, inautaja mwili waziwazi: "u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi" (3:19). Kisha Adamu anatolewa bustanini asije akala pia matunda ya mti wa uzima akaishi milele, na makerubi, viumbe wa mbinguni, wanawekwa kuilinda njia. Siku ile ile amejificha uso wa Mungu kati ya miti. Siku ile ile amekatiwa chanzo cha uhai. Mwili ulikuwa unafuata tu. Mlango wa 5 unatoa hesabu: Adamu miaka 930, "akafa". Neno hilo linarudiwa kwa wazee wanane wa ukoo ule, likamruka Henoko peke yake, ambaye Mungu alimtwaa. Kwa nini mwandishi alipige kama ngoma ya msiba ikiwa halihusiani na hukumu?

Na ile "siku"? Someni 1 Wafalme 2. Mfalme Sulemani alimwambia Shimei, mtu aliyemlaani Daudi baba yake, kwamba siku atakayotoka Yerusalemu na kuvuka kijito cha Kidroni, ajue hakika atakufa. Baada ya miaka mitatu Shimei alitoka kuwafuata watumwa wake hadi Gathi, akarudi nyumbani salama, ndipo mfalme akamwita, na Benaya akamuua kwa amri yake. Hakuna aliyemwambia Sulemani kwamba alimaanisha kifo cha kiroho. Siku ile ya kutoka ndiyo iliyomtia Shimei hatiani. Upanga ulikuja baadaye.

Kanisa lilishalijadili jambo hili zamani. Wafuasi wa Pelagio, mwalimu wa karne ya tano, walifundisha kwamba Adamu angekufa tu, atende dhambi au asitende. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 ulilikataa fundisho hilo. Agostino, askofu wa Hippo Afrika Kaskazini, aliyashika mauti yote mawili pamoja: roho hufa inapoachwa na Mungu, mwili hufa unapoachwa na roho. Sijaona aliyelisema vizuri zaidi.

Kinachonikera si kukosea kwao hoja ya Mwanzo. Ni kinachofuata. Ukisema Adamu alileta kifo cha roho tu, utaufanyaje 1 Wakorintho 15? Paulo anaweka mauti iliyokuja kwa mtu mmoja mkabala na ufufuo wa wafu uliokuja kwa mtu mmoja, na ufufuo anaoutetea pale ni wa mwili uliozikwa. Himenayo na Fileto, walimu wa uongo, waliufanya ufufuo kuwa jambo lililokwisha kupita, nao Paulo anasema neno lao linaenea kama donda ndugu (2 Timotheo 2:17-18). Leo tunawaambia wafiwa kuhusu mwili wa marehemu, "Hilo ni ganda tu, msilie." Bwana Yesu alijua dakika chache baadaye angemwita Lazaro atoke, na bado alilia. Mauti ya mwili ni adui, wa mwisho kubatilishwa. Mhubiri wa mazishi, nakuomba: acha hilo la ganda, soma 1 Wakorintho 15 yote kwa sauti, hata kama gari la kwenda makaburini linasubiri.

Wapo wa upande wa pili, wasemao kifo cha kiroho ni maneno ya wahubiri tu. Hao nawajibu kwa kifupi. Waefeso 2:1 iliandikiwa watu waliokuwa wanatembea na kula, nao wanaambiwa walikuwa wafu kwa makosa yao. Mjane wa 1 Timotheo 5:6, aishiye kwa anasa, amekufa ingawa yu hai. Na katika Yohana 11:25-26 Yesu anayataja mauti yote mawili kwa pumzi moja: aaminiye ajapokufa ataishi, na aishiye akimwamini hatakufa kabisa.

Zipo dhana potofu nyingine mbili nazisikia. "Aliyekufa kijana ana dhambi iliyofichika." Hapana. Wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Yesu alisema hivyo mwenyewe (Luka 13:4-5).

"Mauti ya pili ni kufa tena kimwili." Ufunuo 20, panapotajwa mauti hiyo, unaonyesha wafu wakisimama mbele ya kiti cha enzi kwanza, na mauti yenyewe inatupwa katika ziwa la moto. Mauti inayotupwa motoni haiwezi kuwa kaburi jingine.

Kama wafu wanalala hadi parapanda, wafundishavyo Waadventista Wasabato, au wako na Kristo sasa, waaminivyo Wakatoliki na Walutheri, ni mabishano halali ya ndugu, wala siyaiti dhana potofu. Pande zote mbili zinangoja makaburi yafunguke.