Okidi za mwambao wa Lindi: tunayosikia na zinavyoishi

Dhana: okidi, mmea wa maua unaoukuta umekaa juu ya mti, inaunyonya mti huo hadi ukauke.

Mti kwake ni kiti tu. Ansellia africana, ile ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, hupata maji kwenye mvua na umande, na chakula kwenye majani makavu yanayonaswa na mizizi yake iliyosimama kama sindano.

Dhana: Microcoelia, okidi isiyo na majani, imekufa.

Haikuwa na majani tangu mwanzo. Mizizi ndiyo inayofanya kazi ya majani: ikilowa inakuwa kijani, ikikauka inarudi rangi ya majivu. Ya kwangu ya kwanza niliionea huruma, nikaifukia kwenye chungu cha mkaa na makumbi. Ikaoza. Siku hizi naifunga kwenye kijiti chenye gome, basi.

Dhana: okidi hupenda maji mwaka mzima.

Hapa ndipo hata sisi wazoefu tunapoua, hasa tuliojifunzia kwenye okidi za dukani, machotara ya kuzalishwa. Spishi ya porini ina kalenda yake. Huku kusini mvua ni msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu. Ansellia imejiandaa: mashina yake, manene mithili ya miwa, ni ghala la maji, na wakati wa kupumzika hudondosha hata baadhi ya majani. Ukavu ukiingia na watu wakianza kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, nami ndoo naiweka chini. Nanyunyiza kidogo, asubuhi, pale tu mashina yanapokunjamana. Ncha mpya za mizizi zikitokeza ndipo naongeza. Ukiilowesha kila siku katikati ya mapumziko, mizizi huoza.

Na makumbi ya kupandia si makumbi tu. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi; yaloweke kwenye maji ya mvua, ubadilishe mara kadhaa.

Dhana: iliyoanguka na tawi ni mali ya aliyeiokota.

Jamii nzima ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini. Kumpelekea mwenzio Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, kunahitaji kibali, hata kama uliikuta chini. Wala usidhani mbegu zitaziba upesi pengo la zinazochukuliwa: ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, na porini hazioti bila kuvu wa kuzilisha. Nimeshazipaka za Ansellia kwenye gome la mwembe wangu mara mbili. Gome liko vilevile.